Somo la 7: Safari ya Mstaafu Kwenda Kuona Kupatwa kwa Jua

Somo hili linamhusu mlaji wa aina ya pekee: mtu aliyestaafu, mwenye fedha ambazo hatazipata mara ya pili, anayetaka kununua huduma ambayo nayo haitatolewa mara ya pili. Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, jua litapatwa kikamilifu katika ukanda unaoanzia Bahari ya Atlantiki, unaopita kusini mwa Hispania, Afrika ya Kaskazini, Misri, Saudi Arabia na Yemen, hadi ncha ya kaskazini-mashariki ya Somalia. Tanzania haimo katika ukanda huo. Mtanzania anayetaka kusimama chini ya kivuli hicho hana budi kusafiri, na akisafiri atakuwa mnunuzi wa tiketi, malazi, bima, viza, miwani na ahadi.

Ili somo lieleweke, tutamfuata mstaafu mmoja wa mfano. Tuseme ni mwalimu aliyestaafu, mkazi wa Kifanya katika Halmashauri ya Mji wa Njombe, mwenye pensheni ya kila mwezi, shamba la miparachichi na miti michache ya mbao. Kwa miaka mingi alifundisha darasani mzunguko wa dunia na mwezi kwa kuchora ubaoni, na sasa anataka kuona kwa macho yake kile alichokichora. Hatuulizi kama shauku hiyo ina maana au haina. Mlaji ana haki ya kutumia fedha zake kwa kile anachokithamini. Wajibu wetu ni kumwonyesha namna ya kukipata bila kuibiwa, bila kuumia na bila kuirudisha familia yake katika dhiki.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza:

(a) kutofautisha kupatwa kamili na kupatwa kwa aina nyingine, na kuitambua ahadi ya uongo;
(b) kupanga gharama za safari bila kuigusa misingi ya maisha ya uzeeni;
(c) kumchunguza muuzaji na kuandikisha mkataba unaomlinda;
(d) kulinda macho na afya yake siku yenyewe.

1. Jua kwanza unachonunua

Wakazi wengi wa Nyanda za Juu Kusini husema kwamba wao wamekwisha kuona jua likipatwa. Wanasema kweli, lakini walichokiona si hiki tunachokizungumzia. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kwa umbo la pete, na ukanda wa pete hiyo, wenye upana wa takribani kilomita 100, ulikatiza Tanzania kuelekea kusini-mashariki. Watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, mahali ambapo mtu wa Makambako anaweza kufika kwa basi na kurudi siku hiyo hiyo. Wataalamu wetu, akiwamo Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, waliwaeleza wananchi kupitia vyombo vya habari jinsi ya kulitazama tukio lile kwa usalama.

Siku ile mwezi ulikuwa mbali kiasi na dunia, hivyo ulionekana mdogo kuliko jua. Uliufunika upana wa jua kwa takribani asilimia 97, ukaacha pete ya moto pembeni. Mwanga ulififia, lakini mchana haukugeuka usiku.

Kupatwa kamili ni jambo jingine. Mwezi hulifunika jua lote, anga huwa na giza kama la magharibi, sayari ya Zuhura huonekana mchana, joto hushuka, kuku huanza kutafuta mahali pa kulala, na taji jeupe la jua, ambalo siku zote humezwa na mwanga mkali, hujitokeza likilizunguka duara jeusi. Mwaka 2027 mwezi utakuwa karibu na dunia, na dunia itakuwa bado katika kipindi chake cha kuwa mbali na jua. Kwa sababu hizo mbili mwezi utaonekana mkubwa na jua dogo kidogo, na giza litadumu kwa muda mrefu usio wa kawaida: hadi dakika 6 na sekunde 23 karibu na mji wa Luxor nchini Misri. Huko giza litaingia muda mfupi baada ya saa 7 mchana kwa saa za Afrika Mashariki.

Fundisho la kwanza kwa mnunuzi ni hili: maneno "kuona kupatwa kwa jua" hayatoshi katika tangazo wala katika mkataba. Dai neno "kamili", dai jina la mahali, na dai idadi ya dakika.

2. Mahali ni sehemu ya bidhaa

Katika ununuzi wa kawaida, tofauti kati ya asilimia 99 na asilimia 100 ni ndogo. Katika jambo hili ni tofauti ya kupata na kukosa. Asilimia 1 ya jua inayobaki wazi inatosha kulifuta taji lote na kuzuia giza lisiingie. Anayesimama nje ya ukanda, hata kwa kilomita chache, ataona jua lenye umbo la mwezi mwandamo kupitia miwani, kisha atarudi nyumbani.

Hapa ndipo udanganyifu unapopata nafasi. Wakala anaweza kutangaza safari ya Misri ya kuona kupatwa kwa jua na kumlaza mteja Cairo, mji wenye hoteli nyingi na piramidi maarufu. Cairo iko nje ya ukanda wa giza. Kutoka Cairo hadi Luxor kwa barabara ni zaidi ya kilomita 600. Mteja aliyelipa fedha zote na kukabidhiwa chumba Cairo usiku wa tarehe 1 Agosti amekwisha kupoteza alichokifuata, hata kama hoteli ni nzuri na chakula ni kitamu.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa chochote, tafuta ramani ya njia ya kivuli inayotolewa na taasisi za elimu ya anga, mwombe kijana wa nyumbani akusaidie kuifungua kwenye simu, na uweke kidole juu ya mji ulioandikwa katika tangazo. Luxor imo, na Jeddah na Makka nazo zimo. Kwa Mwislamu anayepanga umra, safari moja inaweza kuyaunganisha mambo mawili, mradi tarehe zilingane na masharti ya viza yaruhusu. Zoezi hili halina gharama, nalo humlinda mnunuzi kuliko maneno mengi ya wakala.

3. Kwa nini fidia haitoshi

Katika masomo yaliyotangulia tumesisitiza haki ya mlaji ya kurudishiwa fedha au kubadilishiwa bidhaa. Mlaji aliyeuziwa mbegu mbovu anaweza kudai mbegu nyingine, na aliyeuziwa simu mbovu anaweza kudai simu nyingine. Jua halibadilishiwi mteja. Ndege ikichelewa kwa siku moja, harusi yaweza kusogezwa na mkutano waweza kuahirishwa, lakini kivuli cha mwezi hupita kwa dakika yake na kuondoka. Hata ukishinda shauri lako na kurudishiwa kila shilingi, zile dakika sita hazirudi.

Hii ndiyo kanuni kuu ya somo: katika safari ya namna hii, ulinzi wa mlaji upo kabla ya malipo, wala si baada ya tukio. Mambo yote yanayofuata yamejengwa juu ya kanuni hiyo.

Kanuni hiyo ina upande wa pili. Zipo hasara ambazo hakuna muuzaji anayestahili kulaumiwa kwazo. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa kikamilifu katika Afrika Mashariki, kwa sekunde zisizofika 30. Waliokwenda Pakwach, kaskazini mwa Uganda, waliliona. Wengi waliosafiri hadi eneo la Ziwa Turkana nchini Kenya walikutana na upepo wa mchanga na mawingu dakika za mwisho. Walikuwa mahali sahihi kwa saa sahihi, na bado walikosa. Anga la Luxor mwezi Agosti kwa kawaida huwa jeupe bila wingu, na hiyo ndiyo sababu watu wengi duniani wameichagua. Hata hivyo hakuna mtu mwenye mamlaka juu ya mawingu. Wakala anayekuhakikishia kwamba "utaona kwa asilimia mia moja" anauza asichokimiliki.

4. Fedha: chanzo kwanza, bei baadaye

Mtumishi wa umma nchini hustaafu kwa hiari kuanzia umri wa miaka 55 na kwa lazima akiwa na miaka 60, isipokuwa kada chache zilizowekewa umri mwingine. Tangu Agosti 2018 mafao yake hulipwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, yaani PSSSF, uliounganisha mifuko minne ya zamani. Mafao hayo yana sehemu mbili: malipo ya mkupuo yanayolipwa mara moja, na pensheni ya kila mwezi. Pensheni huendelea. Mkupuo ukiisha umekwisha.

Hatari kubwa ya miezi ya kwanza ya kustaafu ni kuuona mkupuo kama fedha za ziada. Tunapendekeza mstaafu autengee mambo manne kabla hajafikiria safari yoyote: kumaliza nyumba au kuikarabati, matibabu yake na ya mwenzi wake, ada za watoto au wajukuu anaowalea, na akiba inayotosha matumizi ya nyumbani kwa miezi 12. Kinachobaki baada ya hayo ndicho kinachoweza kuzungumzwa.

Tuonyeshe hesabu kwa mfano. Tarakimu zifuatazo ni za kujifunzia tu, wala si bei za soko:

Kifurushi cha wakala (ndege, malazi, usafiri wa huko): Sh. 6,500,000
Pasipoti, viza na vyeti vya chanjo: Sh. 500,000
Bima ya safari: Sh. 200,000
Basi Kifanya hadi Dar es Salaam na kurudi, pamoja na malazi: Sh. 300,000
Chakula na matumizi madogo: Sh. 500,000
Akiba ya dharura: Sh. 1,000,000
Jumla: Sh. 9,000,000

Tuseme mwalimu wetu anaweza kuweka kando Sh. 100,000 ya pensheni kila mwezi kwa miezi 18, yaani Sh. 1,800,000, na Sh. 1,500,000 katika kila msimu wa parachichi kwa misimu miwili, yaani Sh. 3,000,000. Amepata Sh. 4,800,000. Amepungukiwa Sh. 4,200,000. Sasa swali linaonekana wazi: je, baada ya kutenga mambo manne tuliyoyataja, mkupuo wake umebakiwa na kiasi hicho? Kama ndiyo, aende. Kama sivyo, jibu sahihi si kutafuta mkopo.

Hapa tunaonya kwa mkazo. Mikopo ya mitaani iliyopewa na wananchi jina la "kausha damu" hukua haraka kuliko pensheni inavyoweza kulipa. Usikabidhi kadi yako ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji kama dhamana. Usiuze miti ya mbao ambayo haijakomaa kwa bei ya shida ili kuwahi tarehe ya malipo ya wakala. Vilevile epuka vikundi vya mtandaoni vinavyoahidi kwamba ukichangia fedha kidogo na kuleta wanachama wapya, safari yako italipiwa na michango ya wengine. Huo ni upatu, nao umekatazwa na sheria.

Mwisho, keti na mwenzi wako na watoto wako wakubwa, mkaonyeshane hesabu hiyo ikiwa imeandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na safari iliyofichwa huzaa ugomvi kabla ya kuzaa kumbukumbu.

5. Mchunguze muuzaji

Kwa kuwa tarehe haisogei, muuzaji ana silaha moja kubwa: haraka. "Zimebaki nafasi mbili," atasema, "lipa leo." Ni kweli kwamba nafasi za Luxor kwa siku hizo zinagombaniwa, na makampuni ya kimataifa yalianza kuziuza miaka kadhaa kabla. Lakini nafasi iliyopo kweli huweza kuthibitishwa kwa maandishi kwa siku moja au mbili. Isiyoweza kuthibitishwa haipo.

Kabla ya kulipa, fanya haya:

Kwanza, omba jina kamili la kampuni na namba ya usajili, kisha uthibitishe kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Pili, omba kuona leseni ya biashara ya utalii. Biashara hiyo nchini husimamiwa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na anayeuza safari bila leseni hana cha kupoteza pale anapotoweka. Tatu, lipa kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni ile ile iliyosajiliwa. Ukiambiwa utume fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi "ili kuharakisha", simamisha mazungumzo. Nne, dai risiti ya mashine ya EFD kwa kila malipo, hata ya awali. Tano, omba namba ya tiketi ya ndege na uthibitisho wa hoteli wenye jina lako, kisha uulize hoteli yenyewe kama wanalo jina hilo.

Kufahamiana si uthibitisho. Wakala aliyeletwa na rafiki wa kanisani au msikitini, au aliyewahi kuwa mwanafunzi wako, achunguzwe kama mgeni. Mwaminifu hatakasirika.

6. Mkataba useme nini

Usilipe malipo ya kutanguliza kabla ya mkataba ulioandikwa kwa lugha unayoielewa. Kama umeandikwa kwa Kiingereza na hukielewi vizuri, omba tafsiri au mpelekee mtu unayemwamini akusomee. Mkataba wa safari hii uwe na mambo yafuatayo:

(a) Mji na mahali mtakaposimama tarehe 2 Agosti 2027, pakitajwa kwa jina, na kwamba mahali hapo pamo ndani ya ukanda wa kupatwa kamili.
(b) Tarehe ya kufika. Tunashauri isiwe baada ya tarehe 30 Julai, ili kuchelewa kwa ndege moja kusiharibu kila kitu.
(c) Bei yote kwa shilingi, na orodha ya vitu ambavyo havimo ndani yake.
(d) Awamu za malipo. Usikubali kulipa yote mwanzoni. Awamu ya mwisho ifuate baada ya kupata tiketi na viza.
(e) Kiasi kitakachorudishwa endapo utanyimwa viza, utaugua au utafiwa, na muda wa kukirudisha.
(f) Kiasi kitakachorudishwa endapo wakala atabadilisha mji au tarehe. Kwa kosa hili mkataba useme kwamba utarudishiwa fedha zote, kwa maana hoteli iliyo nje ya ukanda si mbadala wa iliyo ndani.

Kuhusu bima, nunua kutoka kampuni iliyosajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania. Soma kinachoachwa nje. Kwa kawaida bima ya safari hulipia matibabu, mizigo iliyopotea na safari iliyovunjika kwa sababu zilizotajwa. Hailipi kwa sababu mawingu yalifunika jua. Eleza ukweli kuhusu shinikizo la damu, kisukari au upasuaji uliowahi kufanyiwa. Ugonjwa uliofichwa leo ndio utakaotumiwa kesho kuyakataa madai yako.

7. Kutoka baridi ya Njombe hadi joto la Luxor

Mstaafu wa Kifanya ataanza safari katika msimu ambao Njombe ina baridi kali na ukungu wa asubuhi. Atapitia Njombe mjini, kisha Makambako, mahali barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam na reli ya TAZARA inapopita. Afike Dar es Salaam angalau siku mbili kabla ya ndege. Siku moja ni ya kupumzika, nyingine ni kwa ajili ya lolote linaloweza kutokea njiani.

Luxor mwezi Agosti huwa na joto linaloweza kupita nyuzi 40 za Selsiasi mchana, na tukio litatokea mchana wa jua kali. Kwa mwili uliozoea ubaridi wa mlimani, hilo si jambo dogo. Muone daktari miezi miwili kabla, uulize kama dawa unazotumia zinaathiri uwezo wa mwili kuhimili joto, na ubebe dawa za kutosha katika mkoba wa mkononi pamoja na cheti cha daktari. Hakikisha wakala ametaja katika mkataba kivuli, maji ya kunywa na choo mahali pa kutazamia. Wazee wengi huvumilia kiu kwa kuogopa kutafuta choo, na hapo ndipo hatari huanza.

Anza taratibu za hati mapema. Pasipoti inahitaji kitambulisho au namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa, na majina katika hati zote yalingane. Kutofautiana kwa herufi moja huweza kuchukua miezi kurekebishwa. Masharti ya viza na ya cheti cha homa ya manjano ulizia ubalozi wenyewe, kwa kuwa hubadilika. Aidha, angalia kama zoezi la uhakiki wa wastaafu haliangukii siku utakapokuwa nje ya nchi. Lifanye kabla ya kuondoka, pensheni isije ikasimama.

8. Macho hayana fidia

Jua likitazamwa bila kinga huunguza sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha. Sehemu hiyo haina hisia ya maumivu, hivyo mtu haoni dalili wakati anapoumia. Hugundua saa kadhaa baadaye kwamba katikati ya kila anachokitazama pana doa.

Miwani ya kutazamia jua iwe imetengenezwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 12312-2. Ukiivaa ndani ya nyumba usione chochote, hata taa ya kawaida. Ukiona vitu, si miwani sahihi. Isiwe na mkwaruzo wala tundu. Miwani ya kawaida ya jua, hata ikivaliwa miwili kwa pamoja, haifai. Filamu ya picha ya eksirei haifai. Kutazama taswira ya jua ndani ya beseni la maji, njia iliyozoeleka katika vijiji vyetu, nako si salama, kwa maana maji hurudisha mwanga machoni. Njia salama isiyo na gharama ni kutoboa tundu dogo la sindano katika karatasi ngumu, kulipa jua mgongo, na kutazama umbo lake likiangukia karatasi nyingine au ardhini.

Miwani huvuliwa katika muda mmoja tu: pale jua lote linapokuwa limefunikwa, ndani ya ukanda wa giza kamili. Mwanga wa kwanza ukichomoza tena, miwani irudi mara moja. Katika kupatwa kwa pete au kwa sehemu, miwani haivuliwi kamwe. Aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, au mwenye kisukari, apimwe macho kabla ya safari.

9. Ikiwa fedha hazitoshi

Kuahirisha si kushindwa. Tarehe 25 Novemba 2030 jua litapatwa kikamilifu katika Namibia, Botswana na Afrika Kusini, nchi ambazo ziko nasi katika Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika. Giza litakuwa fupi kuliko la Luxor, na Novemba ni msimu wa mvua katika baadhi ya maeneo hayo, lakini mwenye kuanza kuweka akiba leo atakuwa na miaka ya kutosha. Tena, tarehe 21 Mei 2031 kupatwa kwa pete kutapita katika ardhi ya Tanzania, kama ilivyokuwa mwaka 2016. Kutazama pete hiyo kunahitaji nauli ya ndani, miwani sahihi na ramani. Kwa mstaafu ambaye hesabu yake ya sehemu ya 4 haikutimia, huo ni mpango wa heshima, na wajukuu wanaweza kwenda pamoja naye.

10. Mambo yakiharibika

Tunza mkataba, risiti, ujumbe wa simu na tangazo la awali. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumdanganya mlaji, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Masuala ya huduma za ndege yapelekwe Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ya bima, kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Na wizi wa fedha, kwa Jeshi la Polisi bila kuchelewa, pamoja na benki au kampuni ya simu iliyopitisha fedha hizo, kwani saa za mwanzo ndizo zenye nafasi ya kuzuia muamala. Usikae kimya kwa aibu. Mzee mmoja akinyamaza, wakala yule yule hubisha hodi nyumba ya pili.

Maswali ya kujipima

1. Wakala anakuuzia safari ya siku saba nchini Misri, na hoteli yako iko Cairo tarehe 2 Agosti 2027. Utamuuliza nini kabla ya kulipa?
2. Eleza kwa nini kurudishiwa fedha si kinga ya kutosha katika safari hii.
3. Andika mapato yako ya miezi 18 ijayo na matumizi yasiyoepukika. Ni kiasi gani kinabaki bila kugusa akiba ya miezi 12?
4. Jirani yako alitazama pete ya mwaka 2016 katika beseni la maji na anasema macho yake hayakuumia. Utamweleza nini?
5. Taja mambo manne ambayo mkataba wako lazima uyaseme kabla hujatoa shilingi ya kwanza.

Majibu ya maswali haya yajadiliwe nyumbani au katika kikundi cha wastaafu, na majibu ya swali la 3 yaandikwe katika daftari na kuhifadhiwa pamoja na hati za pensheni.